Maswali ya Wasomaji: Mota zisizo na dereva ndani ya nzi wa ndizi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza ndizi mbivu katika soko la Mabibo, Dar es Salaam. Binti yangu, anayesoma baiolojia chuo kikuu, ameniambia kwamba vile vijinzi ninavyovifukuza kutwa nzima ndivyo vinavyowafundisha wanasayansi jinsi seli inavyogawanyika, na kwamba ndani ya seli kuna mota. Nilipomwuliza ni nani anayeziwasha, akacheka. Naomba mnieleze mota hizo ni nini, na zina kazi gani katika mwili wa nzi.
Mama wa Mabibo

JIBU: Mama, swali lako limegusa penyewe, na huenda binti alicheka kwa kuona kwamba jibu lake ni refu. Kwanza tuwatenganishe nzi wawili wanaoitwa kwa jina moja. Nzi wa matunda anayetegewa mitego na wakulima wa maembe, yule anayetaga ndani ya tunda likiwa bado mtini, ni wa ukoo mwingine. Wako ni Drosophila melanogaster, mwenye macho mekundu na urefu wa milimita mbili hadi tatu, anayefuata ndizi iliyoanza kuchacha. Asili yake ni huku huku Afrika, kusini mwa Sahara, ingawa sifa zake alizipatia New York, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, mwanzoni mwa karne ya 20. Watafiti wanampenda kwa sababu ana jozi 4 tu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi, na katika nyuzijoto 25 hutoka yai hadi nzi kamili kwa siku 10 hivi.

Sasa mota. Ndani ya seli mna mirija ya protini yenye upana wa nanomita 25 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na juu ya mirija hiyo hutembea protini nyingine zilizo kama wapagazi wenye miguu miwili. Mojawapo ni kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika utafiti wa neva za ngisi huko Woods Hole, Marekani. Hatua yake ni nanomita 8, na kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli. Kuuvuka unywele mmoja kwa upana kungeihitaji hatua zipatazo 10,000. Hakuna anayeiwasha. Ikishapakiwa mzigo, mrija ukiwapo na ATP ikiwapo, hutembea. Wala hakuna anayeiongoza, kwa kuwa mrija wenyewe una ncha mbili zisizofanana: kinesini nyingi huelekea ncha inayokua haraka, na mota ya aina nyingine, dainini, huelekea ncha ya pili.

Kazi yao huonekana vizuri zaidi katika yai la nzi, ambalo urefu wake ni nusu milimita. Yai likisharutubishwa, kiini cha seli (si kile cha njano, bali chumba cha kromosomu) hugawanyika mara 13 mfululizo bila yai lenyewe kukatwa vyumba. Migawanyiko ya mwanzo huchukua chini ya dakika 10 kila mmoja, na baada ya saa mbili na ushee viini karibu 6,000 huwa vimejipanga chini ya utando wa nje. Katika kila mgawanyiko mirija hujipanga mfano wa vikapu viwili vilivyogusanishwa vinywa, na kromosomu hukaa hapo vinywa vinapokutana, zikisubiri kuvutwa huku na huku. Kinesini iitwayo KLP61F, yenye miguu pande zote mbili, hushika mirija ya kikapu hiki na ya kile, kisha huisukuma iachane. Ndugu yake aitwaye Ncd, ambaye kinyume na kinesini nyingi hutembea kuelekea upande wa dainini, huivuta irudiane. Watafiti walipoizuia KLP61F kwa kingamwili, vikapu viliporomokeana. Walipofanya vivyo hivyo katika viinitete visivyo na Ncd, havikuporomokeana. Kwangu mimi jaribio hilo linaeleza zaidi ya mchoro wowote: umbo lile husimama kwa sababu kuna wanaovuta kamba pande mbili, na ukimwondoa mvutaji mmoja bila mwenzake, mchezo umekwisha.

Baadaye, seli zinapoanza kukatwa mbili kweli kweli, mota nyingine iitwayo mayosini hukaza mshipi kiunoni mwa seli. Mshipi huo haujipangi ipasavyo pasipo kinesini nyingine ambayo, ikikosekana, seli hubaki nene na yenye viini viwili. Nayo wataalamu wakaipa jina la Pavarotti, yule mwimbaji wa Italia mwenye mwili mkubwa. (Wanasayansi wa nzi hawana haya katika kutoa majina.)

Kazi ya pili hufanyika kabla yai halijatagwa. Seli 15 za ulezi hulimiminia yai vifurushi vya maelekezo, na wapagazi huvifikisha mahali pake: dainini hupeleka kifurushi cha bicoid upande wa mbele, kinesini hupeleka cha oskar upande wa nyuma. Nzi jike asiye na bicoid hutaga mayai ambayo mabuu yake hayana kichwa wala kifua, na mbele panapotarajiwa kichwa huota sehemu za mkiani. Asiye na oskar, watoto wake hukosa tumbo pamoja na seli ambazo zingekuja kuwa mayai au mbegu.

SWALI: Je, mambo haya ya nzi yanamhusu binadamu kwa namna yoyote?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Yanamhusu. Buu la nzi lenye hitilafu katika kinesini hutambaa huku mkia ukijipinda juu mara kwa mara, kwa kuwa neva zinazofika mkiani ndizo ndefu kuliko zote na mizigo hukwama njiani kabla ya kufika. Binadamu naye ana jeni ya kinesini ya jamii hiyo hiyo, iitwayo KIF5A. Ikiharibika, inaweza kuleta ugonjwa wa kurithi ambamo miguu hukakamaa na kudhoofika taratibu. Huanza miguu, si mikono, kwa sababu nyuzi za neva zinazoihudumia ndizo zenye safari ndefu.