Kamera ileile, baiskeli na gari: mbona porini imetulia na ndani ya gari inacheza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kamera ya aksheni niliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Kwenye baiskeli ya milimani naivaa kifuani na picha inatulia vizuri, isipokuwa nikiingia kwenye miti minene kila kitu kinakuwa kama kimepakwa mafuta. Kinachonishinda ni gari. Nimeanza mbio za magari za wanaojifunza, nikabandika kamera ileile kwenye kioo cha mbele kwa kishikio cha kunyonya. Nikiangalia video, dashibodi inaelea kama mtumbwi, na kila nikikanyaga mafuta picha inatetema kama jeli. Wenzangu wanasema ninunue mpya, wengine wanasema ninunue ya nyuzi 360, ile inayorekodi pande zote. Je, ninunue ipi? Halafu, mbona mteremko unaonilegeza magoti ukiingia kwenye video unakuwa kama uwanja wa mpira?

JIBU: Marahaba. Pesa zako zibaki mfukoni kwanza. Kamera yako ni nzima. Gari na baiskeli vinaitaka ifanye kazi kinyume kabisa, nawe umeipangia ya baiskeli ukaingia nayo ndani ya gari.

Nianze na dashibodi inayoelea, maana ukiielewa hiyo umeelewa nusu ya mambo. Ndani ya kamera mna jairoskopu, kidude kinachopima kamera inavyogeuka na kuinama. Kamera hurekodi eneo pana kuliko unaloliona, hukata kingo, kisha kile kipande kinachobaki hukisogeza kinyume cha mtikisiko ili dunia ionekane imesimama. Hicho ndicho kituliza-picha. Kampuni ya GoPro walikipa jina la HyperSmooth walipokileta na kamera yao ya Hero7 Black mwaka 2018. Watengenezaji wengine, DJI na Insta360, nao wana majina yao. Sasa, jairoskopu haijui gari ni nini, inaijua dunia tu. Gari likiruka kwenye tuta, kamera na dashibodi vinainama pamoja, na wewe uliyekaa kwenye kiti huoni dashibodi ikisogea hata kidogo. Lakini kamera inajiambia, "nimeinama, ngoja niirudishe barabara mahali pake." Inaituliza barabara, na dashibodi ndiyo inayolipa. Kwenye kona hali ni mbaya zaidi: kwa kitambo kidogo picha inabaki ikitazama kule gari lilikotoka, kisha inakurupuka kulifuata.

Dawa yake ni kuzima kituliza-picha. Kuzima kabisa, si kupunguza. Ukizima, dashibodi, usukani na mikono yako vitakaa palepale na barabara ndiyo itakayocheza, kama jicho la dereva linavyoona. Ukiifunga kamera nje, tuseme kwenye bampa, na hakuna kipande cha gari kinachoonekana kwenye fremu, hapo unaweza kukiacha kwenye kiwango cha chini. Ndani ya gari, hapana.

Jeli ni ugonjwa mwingine, na kuzima kituliza-picha hakutauponya. Sensa ya kamera hizi haiipigi picha nzima kwa mkupuo, inaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inazunguka mara 100 kwa sekunde. Kama usomaji wa fremu moja unachukua hata sehemu moja ya hamsini ya sekunde, katika muda huo injini imeshazunguka mara mbili. Mstari wa juu umesomwa kamera ikiwa imeelekea kushoto, wa katikati ikiwa kulia, wa chini imesharudi. Vitu vilivyonyooka vinatoka vimejikunja kama mawimbi. Hakuna programu itakayoyanyoosha vizuri baadaye, na mpangilio pekee unaosaidia, nitakaoufikia hapa chini, unayaficha tu. Mtetemo unatakiwa uzuiwe kabla haujaifikia lenzi.

Kishikio chako cha kunyonya, pamoja na ule mkono wa plastiki wenye viungio viwili vitatu, ni kama uma wa muziki: ukiugusa tu, unaimba. Kioo chenyewe nacho kinatetema. Hamishia kamera kwenye kizimba cha vyuma kinachomlinda dereva gari likipinduka, kwenye lile bomba la kukatiza nyuma ya viti, kwa kibano cha chuma kinachokaza kwa bolti, na mkono uwe mfupi iwezekanavyo. Wengi huweka sponji nene ili kumeza mtetemo. Mimi nimeshafanya hivyo na nikajuta, kwa sababu kamera huanza kubembea juu ya sponji na unakuwa umebadilisha jeli kwa bembea. Kipande kimoja cha tyubu kuukuu ya baiskeli kati ya kibano na bomba kinatosha. Kinameza ule mtetemo wa kasi na hakileti mwingine. Kisha jaribu kwa kidole: igonge kamera. Ikiendelea kutetema baada ya kidole kuondoka, fupisha mkono.

Pale nyuma ya viti, katikati, juu kidogo ya mabega, utapata faida nyingine: mikono, usukani, mita ya mizunguko na kona inayokuja vyote vimo kwenye fremu moja. Video ya barabara tupu haikufundishi kitu. Unataka uone ulishika usukani saa ngapi na mkono ulikwenda lini kwenye gia. Mwaka 1979 huko Bathurst, Australia, televisheni ilipoonyesha moja kwa moja picha kutoka ndani ya Toyota Celica ya Peter Williamson, watazamaji walimkuta dereva yuko kazini. Hicho ndicho cha kutafuta hata leo.

Kishikio cha kunyonya nina kisa nacho kingine. Nimewahi kushuhudia kimoja kikiachia katikati ya mzunguko, kamera ikaanguka miguuni mwa dereva karibu na pedali ya breki. Aliipiga teke bila kujua ni nini, akapona. Ndiyo maana waandaaji wengi wa mashindano hawavikubali, au wanadai kamba ya usalama iliyofungwa mahali tofauti na kishikio. Soma kanuni za mashindano yako, na uipeleke kamera ikiwa imeshafungwa siku ya ukaguzi wa magari, usiifunge baada ya mkaguzi kuondoka. Kwenye helmeti ya mbio usitoboe wala usibandike kitu bila ruhusa. Helmeti ilipimwa ikiwa laini, iteleze inapogonga. Kitu kigumu kilichochomoza juu yake kinabadilisha hesabu hiyo.

Sasa mwanga, ambapo baiskeli na gari vinagombana waziwazi. Huko porini picha inapakwa mafuta kwa sababu kivulini kamera inaiacha shata, yaani mlango wa mwanga, wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Kila fremu inatoka na mkwaruzo wa mwendo ndani yake. Kituliza-picha kinaweza kuisogeza fremu, hakiwezi kuufuta mkwaruzo uliokwisha kuchorwa, kwa hiyo unapata picha iliyotulia lakini chafu. Toka kwenye otomatiki. Weka shata isiwe ya polepole kuliko 1/120 ya sekunde, au 1/240 kama njia ina mawe mengi, na uiruhusu ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande hadi 1600, hata 3200 chini ya miti minene. Utapata chenga, vile vidoadoa kwenye picha. Chenga zinavumilika.

Kwenye gari, ambako umeshakizima kituliza-picha, fanya kinyume. Juani kamera inakimbilia shata ya 1/2000 na zaidi, na shata ya kasi hivyo inachora kila mtetemo kwa ncha kali. Rekodi kwa fremu 25 au 30 kwa sekunde, shata 1/50 au 1/60, na ili picha isiungue vaa filta ya ND, ambayo ni miwani ya jua ya lenzi. ND8 inapitisha sehemu moja kati ya nane ya mwanga, ND16 moja kati ya kumi na sita. Mkwaruzo mdogo wa mwendo utaficha masalia ya jeli, na miti ya pembeni itapita kwa kasi jinsi macho yalivyozoea. Punguza pia mwangaza kwa nusu hatua, la sivyo kamera itahangaika kuuangaza ule weusi wa ndani ya gari na barabara yote itakuwa karatasi nyeupe.

Mteremko wako. Hapo nitakuwa mkweli, hakuna kitufe cha kuponya jambo hili. Lenzi pana inasukuma vitu vya katikati mbali, na kamera ya kifuani inainama pamoja nawe, ikitazama sambamba na ardhi. Macho ya mtazamaji hayana pa kuulinganishia mteremko. Achana na mwonekano mpana kabisa, tumia ule unaonyoosha mistari. Hakikisha mikono ya baiskeli inaonekana, kwani ndiyo inayoonyesha gurudumu linavyotumbukia, na ukichagua njia chagua yenye mashina ya miti, hayo ndiyo timazi yako. Vinginevyo mwombe mwenzio asimame pembeni ya njia, akurekodi ukipita. Sekunde tano za kutoka ubavuni zitawaeleza watu wote kwa nini magoti yalilegea.

Kuhusu kuivaa kifuani, wengi wanakosea pembe. Wanaielekeza kamera wakiwa wamesimama wima dukani au nyumbani, na wakishuka mlima wanarekodi tairi la mbele tupu. Panda baiskeli, kaa mkao wa kushuka, viwiko nje, kiuno nyuma, ndipo uielekeze kamera mbele. Ukisimama wima itakuwa inatazama mawingu. Iache hivyo.

Una bahati kwamba hukuuliza pikipiki, maana huko ni ubishi mtupu. Zile kamera zenye kufunga upeo zinaiweka dunia ikiwa sawa na kuiacha pikipiki ilale ndani ya picha, kama kamera za jairoskopu za mbio za pikipiki za MotoGP. Ukizima, pikipiki inabaki wima na dunia nzima inalala. Mimi naiwasha, kwa sababu bila hivyo mtazamaji hajui umelala kiasi gani. Ila usiifunge simu yako kwenye kishikio cha pikipiki ukidhani umeokoa pesa: mwaka 2021 Apple wenyewe waliwaonya wenye iPhone kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu sehemu za ndani za kamera ya simu.

Je, kuna siku utahitaji mpya? Ipo. Kama unataka kuoanisha video na mwendokasi, hakikisha ina GPS ndani. Usidhani kila toleo jipya linayo. Hero12 Black ya mwaka 2023 ilitoka bila GPS, ikarudishwa kwenye Hero13 Black mwaka 2024. Kama unataka sauti ya injini na si mvumo wa upepo, tafuta inayokubali maikrofoni ya nje, kisha maikrofoni hiyo uifiche nyuma ya gari ndani, karibu na ekzosi lakini pasipo na upepo. Ya nyuzi 360 ni tamu kwenye baiskeli: unaifunga kwenye fimbo, fimbo yenyewe haionekani, na pembe unaichagua nyumbani. Ndani ya gari dogo inasumbua, maana pale lenzi mbili zinapoungana, kitu kilicho karibu kama bega au usukani kinakatika vipande. Na lenzi zake zimetokeza kama macho ya chura. Jiwe moja lililorushwa na gurudumu la mbele linatosha kuzikwaruza. Ukiichukua, chukua ambayo lenzi yake unaweza kuibadilisha mwenyewe, kama X5 ya Insta360 ya mwaka 2025.

Kabla ya hapo angalia kadi ya kumbukumbu. Kwa megabiti 100 kwa sekunde kamera inaandika megabaiti 12.5 kila sekunde, na alama ya V30 inaahidi zisizopungua 30, kwa hiyo inatosha na kuzidi. Gigabaiti 64 zitakupa kama dakika 85. Kadi bandia ni nyingi. Ijaze yote kwa kompyuta na uyasome tena mafaili kabla hujaiamini siku ya mbio. Na ukiwa kwenye foleni ya kuanza, juani, gari limesimama, usiiache kamera ikirekodi 4K: hakuna upepo wa kuipoza, itajizima dakika chache kabla ya bendera.

Kamera nyingi za miaka hii zinakuruhusu kuhifadhi mipangilio kwa majina. Tengeneza mbili, "Gari" na "Baiskeli", usiwe unahesabu shata na ISO ukiwa umeshavaa glavu. Filta ya ND ndiyo haihifadhiki kwenye menyu, hiyo utaivua kwa mkono. Niliwahi kutoka kwenye mbio nikaingia porini nayo, na nilichorudi nacho ni saa nzima ya giza lenye sauti ya pumzi zangu.