Daktari wa Tumbo Anajibu: "Nimetibiwa mara tatu, kipimo bado kinasema ninao"

Barua za vidonda vya tumbo ndizo zinazoongoza kila mwezi. Nimechagua tano, nikazifupisha na kuondoa majina. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naamini wasomaji wengi wamepitia yaleyale.

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge Kahama. Tangu mwaka juzi naungua chini ya chembe ya moyo, hasa usiku tumbo likiwa tupu. Nilipimwa damu nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nimemeza zile dawa za pakiti mara tatu, na kila nikirudi kupima damu naambiwa bado ninao. Mama mkwe anasema ni mawazo tu. Nifanyeje? Na wanangu nao wapimwe?

Marahaba, na pole sana. Nianze na kipimo, maana hapo ndipo ulipopotezewa muda na pesa.

Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe, anayeitwa H. pylori. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Bakteria akishakufa, askari hao hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Kwa hiyo inawezekana kabisa ulipona kwa dozi ya kwanza, na zile mbili zilizofuata ulizimeza bure. Kipimo cha damu hakiwezi kuthibitisha kwamba mtu amepona H. pylori, na inaniuma kuona wagonjwa wanaendelea kupimwa hivyo kila baada ya dozi.

Vipimo vinavyoonyesha kama bakteria yupo hai leo ni viwili, na hakuna sindano hata moja. Cha kwanza ni cha choo: maabara inatafuta vipande vya bakteria mwenyewe kwenye sampuli yako. Hicho ndicho kinachopatikana kwa urahisi zaidi kwetu, lakini sema wazi kwamba unataka kipimo cha choo cha antijeni ya H. pylori, usije ukapimiwa minyoo. Cha pili ni cha pumzi. Unakunywa maji yenye yurea iliyowekewa alama ya kaboni. H. pylori ana kimeng'enya kinachoivunja yurea kuwa amonia na hewa ya kaboni, na hiyo amonia ndiyo inayomkinga na asidi ya tumbo. Akiwepo, ile kaboni yenye alama inatoka kwenye pumzi unayopuliza ndani ya mfuko wa kipimo. Asipokuwepo, haitoki.

Kuna sharti ambalo wengi hawaambiwi. Acha omeprazo na ndugu zake wote, yaani dawa za kupunguza asidi, kwa wiki mbili kabla ya kupima, na uwe umekaa wiki nne bila antibayotiki wala bizmathi, dawa nyingine ya tumbo. Dawa hizo hazijamaliza bakteria wote, ila zimewapunguza kiasi kwamba kipimo hakiwaoni, nawe unarudi nyumbani na jibu la uongo. Ukiungua katika wiki hizo mbili, tafuna vile vidonge vya magnesiamu. Ila kama umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, usiache omeprazo kabla ya kuzungumza na daktari.

Sasa tuseme umepimwa vizuri na bado yupo. Hapo tatizo linakuwa usugu wa dawa. Pakiti nyingi zinazouzwa zina antibayotiki iitwayo klarithromaisini, na tafiti zilizofanyika hospitali ya Bugando, Mwanza, zimeshakuta bakteria hawa wakiwa sugu kwa dawa hiyo. Miongozo ya kimataifa inasema usugu ukipita asilimia 15 katika eneo, klarithromaisini isitolewe kwa kubahatisha. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Chakula cha Marekani kilitoa mwongozo mpya unaoweka mbele mchanganyiko wa dawa nne kwa siku 14: dawa ya kupunguza asidi, bizmathi, na antibayotiki mbili, tetrasaiklini na metronidazo. Ni vidonge vingi, vinachosha, na bizmathi haipatikani kila duka. Lakini kwa mtu ambaye klarithromaisini imeshamshinda, kuirudia tena ni kosa, na hilo ndilo nataka umwambie daktari wako: taja dawa zote ulizowahi kumeza, na kama una makasha yake, nenda nayo. Usijinunulie mwenyewe dukani. Tetrasaiklini, kwa mfano, haifai kwa mjamzito.

Ukipewa bizmathi, choo chako kitakuwa cheusi na hata ulimi unaweza kuwa mweusi. Hiyo ni rangi ya dawa. Choo cheusi cha kuogopa ni kile kinachonata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hasa kikija na kizunguzungu. Hicho ni damu, na unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya asidi imeze nusu saa kabla ya kula. Pombe kaa nayo mbali muda wote wa dozi. Ukimaliza, hesabu wiki nne, kisha upime choo tena kwa masharti yaleyale. Hapo ndipo utajua umepona.

Kuhusu mawazo, mama mkwe wako anasema kile ambacho hata sisi madaktari tulifundishana kwa miaka mingi. Mwaka 1979 huko Perth, Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren aliona bakteria waliojikunja kwenye vinyama vya tumbo. Baadaye akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha maabara bila mafanikio, mpaka sikukuu ya Pasaka ya 1982, sahani zilipoachwa siku nyingi kuliko kawaida na bakteria wakaota. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao yeye mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba na kuuma, akapimwa na bakteria wakaonekana. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu na kukunyima usingizi, sikatai, lakini vidonda vingi chanzo chake ni bakteria huyu au dawa za maumivu.

Watoto wako waache. Kama hawaugui, hakuna sababu ya kuwapima, na dawa hizi si za kumpa mtoto bila mtaalamu wa watoto. Mume wako, kipimo chako cha choo kikiwa chanya, naye apime, kwa kuwa mwongozo wa 2024 unashauri watu wazima wa nyumba moja wapimwe.

La mwisho kwako. Kama umekonda bila sababu, umeambiwa damu imepungua, au kipimo cha choo kinasema bakteria hayupo na bado unaungua, basi ni wakati wa kuingiziwa mpira wenye kamera, endoskopi. Watu wanaiogopa kupita kiasi. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi, unalalia ubavu wa kushoto, na mara nyingi katika dakika chache tumemaliza. Tunakata kinyama kidogo sana, hukisikii kikikatwa, tunakiweka kwenye jeli ya njano yenye yurea. Bakteria akiwepo, jeli inaanza kugeuka waridi, wakati mwingine mgonjwa akiwa bado anavaa viatu. Huwa napenda mgonjwa ajionee mwenyewe rangi ikibadilika. Akishaona, hasahau kumaliza dozi.

Habari daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari Iringa, miaka 44. Mama yangu alifariki kwa saratani ya tumbo. Sina dalili yoyote. Je, nipime H. pylori au nitajiletea hofu bure?

Mwalimu, pole kwa msiba wa mama. Pima.

Shirika la Utafiti wa Saratani la kimataifa lilimweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1994. Swali lililobaki kwa muda mrefu lilikuwa hili: ukimuua, unazuia saratani au umeshachelewa? Jibu zuri kwa mtu wa hali yako lilitoka Korea Kusini mwaka 2020. Watafiti walichukua watu wenye H. pylori ambao mzazi, ndugu wa damu au mtoto wao alikuwa na saratani ya tumbo. Wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka tisa. Katika uchambuzi wa watu 1,676, waliopewa dawa walipata saratani kwa asilimia 1.2, na wasiopewa kwa asilimia 2.7.

Namba inayonigusa zaidi ni nyingine katika utafiti huohuo. Walipotazama nani hasa bakteria wake waliisha, saratani ilikuwa asilimia 0.8. Kwa wale ambao bakteria waliendelea kuishi, asilimia 2.9. Kwa hiyo kumeza dawa peke yake hakutoshi, inabidi ujue kwamba bakteria wamekwisha. Masharti ya kipimo ni yale niliyomweleza mama wa Kahama. Na kwa historia ya nyumbani kwenu, muulize daktari pia kuhusu endoskopi, hata kama huumwi. Ndugu zako wa tumbo moja waonyeshe gazeti hili.

Mwanangu daktari, nakusalimu kutoka Tanga. Nina miaka 68, dereva mstaafu. Nilipata shambulio la moyo, natumia ile aspirini ndogo kila siku. Jirani anasema itanitoboa tumbo. Niiache?

Shikamoo mzee wangu. Usiiache. Baada ya shambulio la moyo, aspirini inalinda mishipa yako, na kuiacha kimyakimya kunaweza kukurudisha wodini.

Jirani naye hakukosea kabisa, kwani aspirini huweza kusababisha vidonda vinavyotoka damu. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2022, wa watu wa umri wako, miaka 60 na zaidi, wanaotumia aspirini kila siku. Zaidi ya 30,000 walipimwa pumzi, na 5,352 waliokutwa na H. pylori wakagawanywa, nusu dawa, nusu vidonge vitupu. Katika miaka miwili na nusu ya mwanzo, kulazwa au kufa kwa vidonda vinavyotoka damu kulipungua kwa asilimia 65 kwa waliotibiwa. Baadaye tofauti hiyo ilififia, kwa hiyo kutibiwa mara moja si kinga ya maisha. Omba upimwe choo, na umuulize daktari wako wa moyo kama unahitaji dawa ya asidi ya kila siku pamoja na aspirini.

Ninachokiogopa kwako, mzee, ni diklofenaki na ibuprofeni za mgongo na magoti. Hizo juu ya aspirini, katika umri huo, ndizo zinazotuletea watu usiku wakitapika damu. Ukiumwa viungo, tumia parasetamo, na ufike kliniki.

Daktari, mimi mwanafunzi wa chuo Mbeya. Juisi ya kabichi inaponya vidonda?

Mwaka 1949 daktari mmoja wa California aliandika kuhusu wagonjwa 13 waliokunywa juisi ya kabichi na vidonda vyao vikapona haraka. Wagonjwa 13 ni wachache mno, na wakati huo hakuna aliyejua kuhusu H. pylori. Kidonda huweza kufunga chenyewe na kurudi, kwa sababu bakteria bado yupo. Kunywa kama unaipenda, lakini pima choo.

Dada daktari, habari. Niko Moshi. Baba ana miaka 59. Tangu Pasaka anasema ugali unakwama kifuani, sasa anakula mtori na uji tu, na amekonda. Ametumia dawa za vidonda mwezi mzima. Anapenda chai ya maziwa ya moto sana. Tuongeze dozi?

Hapana, mdogo wangu. Acheni kuongeza dozi.

Mtu anayeshindwa kumeza ugali, kisha akabaki na vitu laini, huku anakonda, anahitaji endoskopi kabla ya jambo lingine lolote. Kuna ukanda wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya na kwetu, unashuka mpaka Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo. Chanzo chake hakijawa kimoja. Chai ni mojawapo ya vinavyoshukiwa: mwaka 2016 vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 viliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na watafiti waliopima chai huko kwenu Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi. Nyumbani kwenu wote iacheni ipoe kidogo. Ila kwa baba hilo si la leo.

Sisemi baba ana saratani. Umio huweza kuziba kwa kovu la asidi, na kovu hilo linatanuliwa. Huwezi kujua bila kutazama na kukata kinyama. Hata ikiwa saratani na imechelewa kwa upasuaji, kuna kibomba cha waya kinachowekwa ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, imekiweka kwa mamia ya wagonjwa, na watu wamerudi kula na familia zao.

Mpelekeni wiki hii hospitali yenye endoskopi, msisubiri mwisho wa mwezi. Mkifika, anzeni na maneno haya, chakula kinakwama na anakonda, kabla ya kutaja vidonda, ili asiandikiwe tena omeprazo na kurudishwa nyumbani. Bebeni dawa zote anazotumia. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile chochote baada ya chakula cha jioni, ili nafasi ikipatikana apimwe siku hiyohiyo.