Ukitaka Kuanzisha Darasa la Lugha Kisumu, Tafuta Washirika Kwanza

Wazazi huniuliza jinsi ya kuanzisha darasa la Jumamosi la Dholuo, lugha ya Waluo, au Lulogooli, lugha ya Wamaragoli ambao ni Waluhya, na karibu wote huanza na habari za fedha. Nimesaidia kuendesha darasa la aina hiyo mtaani Manyatta. Ninachowaambia ni hiki: majirani kwanza, fedha baadaye.

Nenda shule ya msingi iliyo karibu nawe. Mtaala una somo la lugha za kiasili katika gredi za chini, lakini mjini, ambako darasa moja lina watoto wa kila kabila, shule nyingi hufundisha Kiswahili. Simlaumu mwalimu mkuu. Atawatoa wapi walimu wa lugha zote hizo? Kwa hiyo usimpelekee malalamiko. Mwombe chumba kimoja Jumamosi, kwa barua itakayofika kwenye bodi ya shule, nayo iseme wazi nani atashika funguo na nani atafagia. Ushirikiano mwingi huvunjikia hapo kwenye funguo.

Kanisani utapata wazee wanaosoma na kuandika lugha yao bila shida. Biblia nzima ya Dholuo ilitoka mwaka 1953, na kuna watu waliojifunza kusoma kwayo. Waombe wafundishe, ila darasa lisiwe la dhehebu. Wapo Waluo Waislamu, na watoto wao wakaribishwe vilevile.

Kwa Waluhya, uliza mapema. Ukitangaza "darasa la Kiluhya", mzazi wa Bunyore, wa Maragoli na wa Bungoma watakuja kila mmoja akitarajia lugha ya kwao. Sisi tulichagua Lulogooli kwa sababu wazazi wengi wetu walitoka Maragoli, Vihiga, na tukawaeleza wengine sababu hiyo kabla ya kuandikisha mtoto yeyote.

Walimu wengine wako sokoni. Mama anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye atamfundisha mtoto kuhesabu, kuomba bei na kushukuru. Usiende Jumapili, siku ya soko kubwa, na kila mtoto awe na pesa ya kununua kitu. Huyo mama yuko kazini.

Kuna swali utakaloulizwa, na ni la haki: je, huu si ukabila? Mji huu haujasahau ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Jibu kwa vitendo. Madarasa yote mawili, la Dholuo na la Lulogooli, yawe wazi kwa mtoto yeyote, na saa ya mwisho yaungane, watoto wasimuliane hadithi kwa Kiswahili. Nimemwona mtoto wa Kimaragoli akimrekebisha Mluo matamshi ya Dholuo, na wazazi wa pande zote mbili wakapiga makofi. Napenda sana kazi hii kwa ajili ya siku kama hiyo.

Barua yako kwa chifu na kwa ofisi ya kaunti itaje Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya, pamoja na lugha ya ishara. Ambatanisha nakala ya ukurasa huo.