Maneno ya Kiingereza yanayojipinga: sanction, cleave, let, table na wenzake

Mkuu, umeuliza inakuwaje "sanction" kwenye barua ya ofisi iwe kuidhinisha, halafu kwenye taarifa ya habari iwe vikwazo. Chanzo ni Kilatini, "sancire", kulifanya jambo liwe takatifu au liwe sheria. Sheria huruhusu, na pia humwadhibu anayeivunja. Kiingereza kikabeba yote mawili. Nomino ya wingi, "sanctions", karibu kila mara ni vikwazo. Kitenzi ndicho chenye mtego: angalia kinachotendwa. Kikiwa mpango, malipo au safari, ni idhini. Ikiwa benki, mtu au nchi, kuna adhabu.

"Cleave" ni kisa tofauti kabisa, kwa sababu hilo si neno moja. Kiingereza cha kale kilikuwa na "clēofan", kupasua, na "clifian", kushikamana. Matamshi yakasogeleana karne kwa karne hadi yakawa mamoja. Kamusi nzuri huyaweka kama vidahizo viwili (maneno makuu yanayofafanuliwa) vyenye namba, na hiyo ndiyo dalili ya kutafuta ukitaka kujua kama maana zimetoka shina moja. Kwenye sentensi, kihusishi kinakutoa gizani: "cleave to" ni kuambatana. Biblia ya King James ya 1611, Mwanzo 2:24, inasema mume "shall cleave unto his wife". Hakuna talaka pale!

"Let" nalo ni hivyo hivyo: "lǣtan" ni kuruhusu, "lettan" ni kuzuia. Hili la pili limebaki kwenye tenisi na kwenye pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance", yaani bila kizuizi.

"Oversight" ikiwa na "an" mbele, mtu kapitiwa. Ikifuatwa na "of" au "committee", ni usimamizi. "Dust" (kufuta vumbi au kunyunyiza kitu kama vumbi) na "seed" (kupanda mbegu au kutoa mbegu) hazisumbui sana. Ni nomino zilizogeuzwa vitenzi, na mtendwa ndiye anayeamua: "dust the shelf" unafuta vumbi, "dust the cake with sugar" unanyunyiza sukari.

Linalogharimu watu kazini ni "table". Uingereza, na mabunge yetu yaliyorithi taratibu zake, "to table" ni kuwasilisha mezani ili jambo lijadiliwe. Marekani ni kuliweka kando. Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa pande hizi mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja, kumbe wote walitaka ujadiliwe. Hapa kamusi haikuokoi, maana sentensi ni ile ile. Anayebadilika ni msemaji. Kwenye kikao chenye Wamarekani na Waingereza liepuke kabisa: andika "submit for discussion" au "postpone", na kwenye muhtasari taja tarehe ambayo jambo litajadiliwa.