Pindua kiti kabla ya kutaja fundi

Mgeni wa kazi ya kutambua fundi wa kiti cha kale huanza na mgongo wa kiti. Akiona nakshi iliyofanana na mchoro wa Thomas Chippendale, seremala wa London wa karne ya 18, anaandika "Chippendale". Lakini kitabu cha michoro hiyo kilitoka 1754, kikarudiwa 1755 na 1762, na maseremala wengine walikinunua ili waige. Kwa George Hepplewhite, seremala mwingine wa Uingereza wa karne hiyo, hali ni mbaya zaidi: kitabu chake kilitoka 1788, yeye keshafariki, na hakuna samani iliyothibitishwa kutoka mkononi mwake. Majina hayo yataje kama mitindo.

Ng'oa kikalio, pindua kiti, umulike reli, yaani mbao za fremu zinazobeba kikalio, kwa tochi kutoka ubavuni. Tafuta muhuri kwanza. Karakana ya Gillows ya Lancaster, Uingereza, ilikuwa ikigonga jina lake kufikia miaka ya 1790. Muhuri wa zamani una uchafu uleule ndani ya herufi na pembeni. Wa kughushi huchana ngozi nyeusi ya mbao na kuacha kingo kali. Herufi mbili tatu peke yake kwa kawaida ni za fundi aliyeajiriwa, si za mwenye karakana. Tarakimu za Kirumi zilizokatwa kwa patasi ni hesabu ya seti: ukikuta XI, viti havikupungua 11, hata kama leo unauziwa sita. Reli ikisema VII na kikalio III, vikalio vimebadilishana, jambo la kawaida tu.

Chippendale hakuwa na muhuri. Viti vya karakana yake mara nyingi vina matundu ya skrubu chini ya reli, ya kufungia mbao za kukinga kiti safarini, na vipengo upande wa ndani vya kushikia jiliwa gundi ikikauka. Usishangilie mapema, maana karakana nyingine za London zilifanya hivyohivyo. Uzito uko kwenye hati: bili zilizobaki kwenye majumba ya wateja wa Chippendale, kama Nostell Priory au Dumfries House, au kwa Gillows, daftari zao za michoro na makadirio.

Mikwaruzo ya msumeno iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, yaani karne ya 19 na kuendelea. Skrubu yenye ncha kali ni ya katikati ya karne hiyo, ila huenda ni ya matengenezo, kwa hiyo angalia kama kando ya tundu lake kuna tundu la zamani zaidi.

Kisha pima kila kiti cha seti. Wapo wanaovunja viti sita, wakachomoa mguu hapa na reli pale, wakajazia mbao mpya hadi wapate vinane. Rangi ya chini ya reli ndiyo huwaumbua.

Kwenye lebo, bila hati wala muhuri andika "kwa mtindo wa". Ujenzi ukilingana na kiti chenye bili, andika "kinanasibishwa na".