Jani la isale limeletwa na nani?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nilipata mtoto wa kwanza kabla ya ndoa, nikatengwa na Meza ya Bwana. Mwaka jana nilitubu mbele ya usharika, nikarudishwa kundini. Watu walinipa mkono, ila moyoni naona Mungu bado kaninunia. Nafunga kila Ijumaa, natoa sadaka kupita uwezo wangu, na bado. Kupatanishwa na Mungu maana yake hasa nini? Nifanye nini aniridhie? Na dada yangu wa damu, aliyenisema kwa wazee wa kanisa, hatusemezani tangu siku ile. (Mama Wawili, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno "nifanye nini aniridhie". Hapo ndipo penye kidonda.

Sokoni muuzaji akitaja elfu kumi, nawe ukasema sita, mnapatana nane. Naona na Mungu umemwendea hivyohivyo: unaongeza mfungo, unaongeza sadaka, unangoja ashuke bei. Lakini Paulo katika 2 Wakorintho 5:20 anaandika "mpatanishwe na Mungu". Kitazame kitenzi kilivyokaa: ni jambo unalotendewa. Na mtendaji ametajwa mstari wa 19, Mungu ndani ya Kristo, "akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, asiwahesabie makosa yao". Hakuna mahali Paulo anasema Mungu ndiye apatanishwe, kana kwamba yeye ndiye aliyenuna.

Wewe ni wa huku kwetu, nitakueleza kwa isale, ule mmea wetu Wachagga wa mpakani, ambao jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Nilikuwa na miaka kama tisa baba mdogo alipong'oa masale ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na kuyapanda hatua mbili ndani ya migomba yetu. Misimu mitatu ya kahawa yeye na baba hawakusemezana. Jioni moja ya mvua akatokea mlangoni, kichwa wazi, ameshika jani la isale kwa mikono miwili, ncha yake inadondosha maji. Hakusema neno. Baba alikaa kimya muda mrefu, taya likimcheza, kisha akalipokea. Isale halikataliwi. Usiku ule walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja, na kesho yake mpaka ukarudi mahali pake.

Kwa desturi yetu aliyekosa ndiye anayeleta isale. Ndiyo maana Injili ilinichukua miaka kuielewa, hata baada ya kuvaa kola: humo aliyekosewa ndiye aliyetoka kwake na jani mkononi. Warumi 5:10 inasema tulipatanishwa "tulipokuwa adui", kabla ya toba, kabla ya mfungo wowote, tena kwa mauti ya Mwana wake. Toba yako ilikuwa ya kweli, lakini siyo iliyombembeleza Mungu. Ulikuwa unapokea isale lililokuwa mlangoni siku nyingi.

Wazee wenzangu wanivumilie kwa hili: tunawarudisha watu kundini kwa sura ya mahakama, na wengi wanaondoka madhabahuni kama walioachiwa kwa dhamana. Yule baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, alimkimbilia mwanawe angali mbali, akamwangukia shingoni kabla kijana hajafungua kinywa.

Kwa hiyo Ijumaa hii kula. Sikukatazi kufunga maisha yako yote, nakukataza kufunga ili kulipa. Sadaka nayo irudishe kwenye uwezo wako, watoto wapate maziwa.

Kuhusu dada yako, nitakugusa panapouma. Alikukosea, najua. Kwa desturi ungengoja alete isale yeye, na hakuna mzee angekulaumu. Ila wewe umeshaletewa jani na yule uliyemkosea. Mstari wa 18 wa ile 2 Wakorintho 5 unasema huyohuyo aliyetupatanisha "alitupa huduma ya upatanisho", na huduma hiyo haianzii mimbarani. Chuma jani moja, nenda jioni, usiende na maneno mengi wala usimkumbushe ya nyuma. Atashangaa, atauliza mbona umelileta wewe. Mweleze ulivyoletewa.