Injini Kuukuu ya Dizeli Kwenye Gari-Nyumba: Maswali na Majibu

Fundi, gari-nyumba langu ni Volkswagen T3 lenye injini ya dizeli ya lita 1.6 isiyo na tabo. Mlimani nakwama kwenye gia ya pili. Nikifunga tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), injini itadumu?

Injini yako ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 50, na ile ya tabo yenye ujazo uo huo ilikuwa na 70. Wengi hudhani kwamba tofauti hiyo ya farasi 20 ililetwa na tabo peke yake, lakini waliounda injini ya pili waliongeza pia vijimrija vinavyorusha oili chini ya pistoni ili zipoe, kwa sababu walijua joto litazidi. Ukifunga tabo kwenye injini isiyo na vijimrija hivyo, itakubidi uridhike na shinikizo dogo sana la hewa. Kwa maoni yangu, ni afadhali kutafuta injini nzima ya tabo iliyo katika hali nzuri na kuipachika, kwa kuwa kazi ya kutengeneza mabomba ya ekzosi na njia za oili ya tabo inakaribia ugumu huo huo, na mwishowe unabaki na pistoni zisizo na kinga. Kwa njia yoyote utakayofuata, hakikisha bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo linateremka bila kupinda, kwa maana oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu.

Nimeshauriwa kukaza skrubu ya kiasi cha mafuta kwenye pampu inayosukuma dizeli kwenye silinda, nami nimeikaza. Nguvu imeongezeka, ila moshi mweusi unatoka. Kuna hatari?

Ipo, na ningependa uichukulie kwa uzito. Katika injini ya dizeli ya zamani, hewa huingia bila kuzuiwa, na mguu wako kwenye pedali ya mwendo huongeza au hupunguza mafuta tu. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha ya kuunguzwa nayo. Waliozoea petroli hudhani kwamba mafuta mengi huipoza injini. Kwenye dizeli ni kinyume, yaani kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo joto linavyopanda.

Gari dogo hubeba joto hilo kwa sekunde chache tu, wakati wa kulipita gari jingine. Gari-nyumba la tani tatu linalopanda mlima hulibeba kwa dakika 10 au zaidi bila kupumzika, na hapo ndipo silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) hupasuka na vichwa vya pistoni huyeyuka. Tena, hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pampu iliyorekebishwa vizuri bondeni itatoa moshi juu mlimani. Rudisha skrubu hadi moshi uwe ukungu hafifu tu, kisha ufunge kipimajoto cha gesi ya ekzosi. Kama una tabo, kipimajoto kiwe kabla yake, na usiruhusu kisomeke zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mrefu. Ningeomba kila anayegusa pampu anunue kipimajoto hicho kabla ya kununua kifaa kingine chochote.

Injini yangu imetembea sana. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya bar 5, fikiria ovaholi (kufungua injini na kuifanya upya), wala usifikirie tabo. Zikiwa sawa, peleka nozeli zinazopulizia dizeli zikapimwe, rekebisha nafasi za valvu, badilisha filta za hewa na za dizeli, kisha sahihisha taimingi ya pampu, yaani wakati inapopulizia mafuta. Ikiwa mkanda wa taimingi haujulikani umri wake, ubadilishe kwanza, kwa kuwa ukikatika valvu hugonga pistoni. Nimeona magari mengi ambayo wenyewe walitaka kuyaongezea nguvu, kumbe yalikuwa yamepoteza tu nguvu yaliyozaliwa nayo.

Kwenye barabara tambarare injini inavuma mno. Tabo itasaidia?

Haitasaidia. Tatizo hilo ni la uwiano wa gia, na dawa yake ni difu (gia za mwisho zinazozungusha magurudumu) yenye uwiano mrefu zaidi au giaboksi yenye gia ya tano. Lakini ukirefusha uwiano bila kuongeza nguvu, mlima utakuwa mgumu kuliko sasa.

Nikishaongeza nguvu, nibadilishe nini kingine?

Rejeta kwanza: isafishwe au iwekwe yenye tabaka nyingi zaidi, na feni ikaguliwe. Klachi ya zamani huanza kuteleza mara tu nguvu inapopanda. Breki zipimwe gari likiwa na maji, gesi na mizigo yote ya safari, kwa sababu gari linalopanda kwa kasi zaidi litashuka upande wa pili likiwa na uzito ule ule. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kabla hujaingia barabarani.